Kapasita Kubwa Katika Kasha Dogo: Somo kwa Anayeunda au Kuagiza Amplifaya

Amplifaya zinazoundwa na mafundi wa mitaani ni sehemu ya maisha yetu. Ndizo zinazosikika katika shughuli za harusi, katika nyumba za ibada, vinyozini na migahawani. Bei yake ni nafuu, hutengenezeka zinapoharibika, na aliyeziunda mnunuzi anamjua hadi anapokaa. Sifa hizo hatukusudii kuzipunguza. Hata hivyo, chombo cha namna hii kwa kawaida hakipitishwi katika maabara ya ukaguzi kabla ya kumfikia mtumiaji. Wakaguzi wake ni wawili tu: fundi mwenyewe na mnunuzi. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili kuhusu sehemu moja ya amplifaya inayohitaji uangalifu wa pekee, nayo ni kapasita kubwa za kutuliza umeme.

Tatizo huanza na kasha. Wapo wanaotaka amplifaya yenye nguvu nyingi lakini iingie kwenye rafu nyembamba. Wapo pia wanaotumia makasha ya deki na ving'amuzi vilivyokufa, kwa kuwa hupatikana kwa bei ndogo. Transfoma huingia kwanza, kisha bodi, kisha bati la alumini la kupozea. Kapasita husukumwa katika pembe iliyobaki. Kanuni tunayotaka msomaji aishike katika somo hili zima ni hii: kasha huchaguliwa kwa kufuata kapasita, kapasita haichaguliwi kwa kufuata kasha.

Kazi ya kapasita na nguvu iliyomo

Umeme wa majumbani ni volti 230. Transfoma huushusha, na daraja la dayodi huugeuza uwe wa upande mmoja, ila hutoka ukiwa na mawimbi. Kapasita huyajaza mabonde ya mawimbi hayo, ili spika isitoe mngurumo na ngoma nzito ipate nguvu ya ghafla inayohitaji.

Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho wa somo: transfoma yenye pande mbili za volti 35 kila mmoja. Baada ya dayodi, kila upande hupanda hadi karibu volti 35 mara 1.41, yaani volti 49 au 50. Umeme wa mtaani ukipanda kwa asilimia 10, huwa karibu volti 54. Kwa hiyo kapasita iliyoandikwa volti 50 haifai hapa hata kidogo. Inayofaa ni ya volti 63 au zaidi. Fundi anayeweka ya volti 50 kwa sababu ni fupi na inaingia vizuri kwenye kasha, amekwisha kuivunja kanuni yetu.

Kapasita moja ya maikrofaradi 10,000 ikijaa volti 50 huhifadhi jouli 12.5. Hiyo ni sawa na nguvu ya kuinua mfuko wa kilo 1 hadi zaidi kidogo ya mita 1, na inaweza kutoka yote kwa kufumba na kufumbua. Amplifaya ya mfano wetu ina kapasita mbili za namna hiyo.

Pima kabla ya kutoboa

Kapasita ya maikrofaradi 10,000 na volti 63 mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 30 hadi 35 na urefu wa karibu milimita 50. Ukiisimamisha juu ya bodi, hesabu yake ni kama ifuatavyo: nguzo za kuinulia bodi milimita 10, unene wa bodi milimita 1.6, kopo milimita 50, na nafasi ya wazi juu yake milimita 3. Jumla inakaribia milimita 65. Kasha lenye kimo cha ndani cha milimita 55 halitoshi, na kulibonyeza bati la juu kwa skrubu hakuliongezi kimo.

Zipo njia mbili za haki za kutoka katika dhiki hii. Ya kwanza ni kugawa kazi: badala ya kapasita moja ya 10,000, zifungwe mbili za 4,700 sambamba, ambazo jumla yake ni 9,400. Kila moja huwa ndogo zaidi, na mzigo wa umeme hugawanyika kati yao. Ya pili ni kuilaza kapasita juu ya sakafu ya kasha kwa kishikio chake, kisha kuiunganisha na bodi kwa waya mfupi na mnene, usiopungua milimita za mraba 1.5. Njia isiyo ya haki ni kupinda miguu ya kapasita ili kopo liegemee upande; miguu hiyo haikuundwa kubeba uzito namna hiyo.

Nafasi ya wazi juu ya kopo

Msomaji akitazama kichwa cha kapasita kubwa ataona mikato iliyochorwa kwenye bati, kama msalaba au herufi K. Si urembo. Kapasita ikizidiwa na joto, volti au kuunganishwa kinyume, majimaji yaliyomo hugeuka mvuke, na mikato ile hufunguka ili mvuke utoke kabla kopo halijapasuka. Kopo likibanwa na kifuniko cha kasha, mlango huo umefungwa.

Watengenezaji wa kapasita hushauri nafasi ya wazi isiyopungua milimita 2 kwa kopo lenye kipenyo cha hadi milimita 16, milimita 3 kwa kipenyo cha 18 hadi 35, na milimita 5 kwa kipenyo cha 40 na kuendelea. Tena nyaya zisipitishwe juu ya mikato hiyo. Zile kapasita kubwa zaidi, ambazo nyaya zake hufungwa kwa skrubu, zisifungwe kamwe skrubu zikielekea chini. Zikilazwa, tundu la kutolea mvuke lielekee juu.

Kabla ya yote, mstari wenye alama za kutoa pembeni mwa kopo huonyesha mguu hasi. Katika kasha lenye giza na nafasi finyu ni rahisi kuugeuza, na kapasita iliyogeuzwa huchemka ndani ya muda mfupi.

Joto hupunguza maisha

Juu ya kopo huandikwa nyuzi 85 au 105, na katika maelezo ya mtengenezaji huwekwa saa za maisha. Tuseme ni saa 2,000 kwa nyuzi 85. Kwa makadirio yanayokubalika na wataalamu, kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, maisha huongezeka mara mbili. Kwa nyuzi 65 huwa saa 8,000. Kwa nyuzi 45 huwa saa 32,000.

Tuyaweke mahesabu hayo katika kinyozi kinachopiga muziki saa 8 kwa siku. Kapasita iliyogusana na bati la kupozea na kukaa kwenye nyuzi 85 itamaliza maisha yake kwa siku 250, yaani kabla ya mwaka kwisha. Ikikaa kwenye nyuzi 65 itafika karibu miaka mitatu. Ikikaa kwenye nyuzi 45 itakaribia miaka kumi na moja. Kapasita ni ileile, na bei aliyolipa mnunuzi ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Basi kapasita ziwekwe mbali na bati la kupozea, mbali na rezista kubwa, na mbali na ubavu wa transfoma. Matundu ya hewa yatobolewe chini na juu ya kasha, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na nyingine lazima iingie kushika nafasi yake. Miguu ya mpira iinue kasha kutoka mezani. Katika miji ya pwani, ambako hewa peke yake hupita nyuzi 30 katika miezi ya joto, jambo hili halina mjadala.

Kushikwa kiwiliwili

Amplifaya ya mtaani husafiri. Hupakiwa kwenye bodaboda, hupanda daladala, hupita barabara za makorongo. Kapasita nzito iliyoshikwa na lehemu ya miguu yake miwili pekee hutikisika hadi lehemu inapasuka. Matokeo yake ni muziki unaokatika-katika, cheche, na hatimaye moto.

Kapasita ishikwe kiwiliwili. Kishikio cha mviringo chenye skrubu ndicho bora. Mkanda wa plastiki uliopitishwa kwenye matundu mawili ya bodi pia unafaa. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto haitoshi, kwa maana hulainika tena kasha linapopata joto. Silikoni yenye harufu kali ya siki nayo iepukwe, kwa sababu asidi yake hula shaba. Ipo silikoni isiyo na harufu hiyo, iliyotengenezwa kwa kazi za umeme.

Kopo na bati visigusane

Wengi hudhani ngozi ya plastiki iliyovikwa kapasita ni kinga dhidi ya umeme. Kazi yake hasa ni kubeba maandishi. Kopo la alumini lililo chini yake limegusana na upande hasi kupitia majimaji ya ndani. Katika amplifaya ya mfano wetu, kopo la kapasita ya upande wa chini linaweza kuwa na volti 50 chini ya ile ya bati la kasha. Kishikio cha chuma kikikata ngozi hiyo, au ukingo wa bati ukiikwangua safarini, umeme hupata njia ya mkato. Kwa hiyo kati ya kopo na chuma kiwekwe kipande cha mpira au plastiki ngumu, na makopo mawili yaachiwe nafasi baina yao. Bati la kasha lenyewe liunganishwe na waya wa ardhi, na fyuzi iwekwe upande wa volti 230.

Umeme unaobaki baada ya kuzima

Kuchomoa plagi hakuiondolei kapasita umeme wake. Kila kapasita ifungiwe rezista ya kuinyonya. Kwa mfano wetu, rezista ya omu 2,200 na wati 3 huishusha kapasita hadi karibu na sifuri kwa muda wa dakika mbili. Katika kasha finyu, ambamo vidole na bisibisi hugusana na kila kitu, rezista hiyo ya bei ndogo ndiyo inayomlinda fundi atakayeifungua amplifaya baada ya miaka mitano.

Atakayeifungua asiamini macho yake. Apime kwa mita. Akikuta volti, azinyonye kwa rezista ya omu 1,000 na wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya zenye ngozi, angoje dakika moja, kisha apime tena. Kugusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi huleta mlipuko wa cheche unaoweza kuunguza macho na kuharibu kapasita yenyewe.

Unapoagiza kwa fundi

Si kila msomaji ataunda amplifaya kwa mkono wake. Anayeagiza anayo haki ya kuomba kasha lifunguliwe mbele yake na fundi, likiwa limechomolewa na kapasita zimenyonywa, kabla hajamaliza malipo. Aulize mambo haya:

1. Volti zilizoandikwa kwenye kapasita ni ngapi, na zilizopimwa ni ngapi?
2. Ipo nafasi ya wazi juu ya kila kopo?
3. Kapasita imeshikwa na nini zaidi ya miguu yake?
4. Iko umbali gani na bati la kupozea?
5. Ipo rezista ya kuinyonya, fyuzi, na waya wa ardhi?

Majibu yaandikwe katika risiti pamoja na muda wa dhamana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Lakini malalamiko yasiyo na maandishi ni mzigo kuyathibitisha. Tunatahadharisha pia kuhusu kapasita zenye ngozi mpya juu ya kopo kuukuu, au kopo kubwa lililoficha kapasita ndogo ndani yake. Kopo jepesi kuliko wenzake wa ukubwa uleule lipimwe kabla ya kufungwa.

Iwapo fundi atasema kwamba kasha ulilochagua ni dogo, msikilize. Sentimita moja ya kimo itakayoongezeka ni nafuu kuliko transfoma iliyoungua, na haiwezi kulinganishwa na nyumba iliyoshika moto.