SOMO: MAJI YA KUPOZEA HEWA YA MOTERE YA MASHUA

Tangu mwaka 1918, reli ilipofika Bukama, mizigo ya mto Lualaba hupakiwa garini pale. Mwaka 1928 reli ikamalizika kupitia Kamina mpaka Ilebo. Mashua yenye motere huleta samaki wa ziwa Kisale, mahindi na mihogo. Lakini motere ikifa katikati ya mafunjo, samaki huoza na kazi ya watu wengi hupotea. Basi wewe unayetunza motere, shika somo hili.

1. Sababu ya kupoza hewa. Motere nyingine zina kipulizo kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Ukijaza upepo katika gurudumu la kinga, pompi hupata moto mkononi. Ndivyo ilivyo hapa: hewa ikibanwa mara mbili, moto wake waweza kupita digrii 100. Hewa ya moto hutanuka. Ndiyo maana kidogo tu huingia, nguvu hupungua, na pistoni huungua. Kwa hiyo kati ya kipulizo na silinda huwekwa sanduku la kupoza: hewa hupita upande mmoja, na maji ya mto upande wa pili.

2. Njia ya maji. Fuata mpango huu: mto, robine, kichujio, pompi, sanduku la hewa, kisha kipoza cha motere, mwisho nje. Sanduku la hewa lipate maji kwanza, yangali baridi. Ukilipa maji yaliyokwisha kupita katika motere, hewa haitapoa vizuri.

3. Kufunga mabomba.
Bomba la kuvuta maji liwe gumu, lisije likajikunja na kuziba.
Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pompi.
Maji yaingie chini ya sanduku na kutoka juu, ili upepo usibaki ndani.
Maji na hewa vikutane, kila kimoja kikitoka upande wake.
Kila kiungo cha mpira kikazwe kwa vifungo viwili.

4. Hatari kubwa. Kama sanduku limetoboka ndani, maji huingia silinda. Hewa hubanika, maji hayabaniki: pistoni hugonga na mkono wake hupinda. Kabla ya kuwasha, fungua kizibo kidogo chini ya upande wa hewa. Yakitoka maji, usiwashe hata kidogo. Funga robine, tafuta tundu kwanza.

5. Kazi ya kila siku. Asubuhi funga robine, safisha kichujio. Majani na matope ya Lualaba hukijaza upesi. Kisha fungua robine tena, kwa maana bawa la mpira la pompi huharibika kwa dakika chache likizunguka pasipo maji. Ukiisha kuwasha, tazama maji yatokayo ubavuni. Yakipungua njiani, punguza mwendo mara moja, tafuta ukingo, ufunge mashua, uzime. Usingoje moshi.

Kusafisha kichujio ni kazi ya muda mfupi. Kutengeneza motere iliyopinda ni kazi ya miezi na fedha nyingi.

Maulizo
1. Kwa nini sanduku la hewa hupata maji kwanza?
2. Kwa nini maji huingia chini na kutoka juu?
3. Maji yakitoka penye kizibo cha hewa, utafanya nini?