Wakwe Kutoka Ng'ambo: Haki Zao na Mipaka ya Sharia Tunapowatembeza Mjini

SI jambo geni tena kwa kijana wa Ilala, Magomeni au Temeke kuwa na wakwe Maskati. Udugu wa pwani hii na Oman ni wa karne nyingi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 familia nyingi zilikimbilia huko, na nyingine zilifuata baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Mpaka leo wapo wazee Maskati wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao kama wako Malindi ya Unguja. Kwa miaka mingi Mwomani alihitaji kibali cha serikali yake ili aoe au aolewe na mtu wa nje. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2023. Ndoa za namna hii zipo, na wakwe nao huja kutembea.

Wanapokuja, maswali huwa mengi. Je, niwapeleke wapi? Nikope ili wasinione dhalili? Shemeji yangu naweza kumpeleka Kariakoo peke yetu? Baba mkwe wangu anasali rakaa mbili Adhuhuri, nami nimesimama nyuma yake, nifanyeje? Haya ni maswali ya sharia, wala si ya mila na adabu za mtaani peke yake, na wengi wetu huyajibu kwa kubahatisha.

Uzito wa ukwe

Katika Suratul Furqaan (25:54) Allah (SW) ametaja kuwa amemuumba mwanadamu kutokana na maji, akamjaalia kuwa na nasaba na kuwa na ukwe. Ukwe umetajwa bega kwa bega na nasaba. Ni kweli kwamba wanazuoni wanaposema "kuunga udugu" wanakusudia hasa ndugu wa damu, lakini haifai mtu akajificha nyuma ya tofauti hiyo na kuwafanya wakwe kuwa watu baki.

Tazama yaliyotokea Mtume (SAW) alipomuoa Bibi Juwayriya binti Harith. Watu wa kabila lake, Banu Mustaliq, walikuwa mateka mikononi mwa Waislamu. Habari za ndoa zilipoenea Madina, Masahaba waliona haiwezekani wakwe wa Mtume (SAW) wabaki watumwa majumbani mwao. Bibi Aisha (RA) amesimulia kuwa watu wa nyumba mia moja waliachwa huru kwa sababu ya ndoa hiyo. Hakuna aliyewalazimisha. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Dharr, Mtume (SAW) aliwausia Masahaba wema kwa watu wa Misri, na katika mapokezi mojawapo ametaja kuwa wana haki ya ukwe. Wakwe hao ni jamaa za Bibi Maria, na wengi wao hata Waislamu hawakuwa. Sembuse mzee Mwislamu aliyekupa binti yake akamvusha bahari!

Wanachokuja kukiona

Hapa ndipo wengi tunapokosea shabaha. Kijana anapanga ratiba ya siku kumi na nne: leo fukwe za Kigamboni, kesho Mlimani City, keshokutwa Bagamoyo, kisha Unguja, kisha Mikumi. Wageni wanarudi nyumbani saa nne usiku wamechoka, wanalala. Wiki mbili zinakwisha, na mama hajapata nusu saa ya kukaa na mwanawe jikoni.

Ndugu msomaji, mzazi aliyeozesha mbali hakuja kuona Mnara wa Askari. Amekuja kumuona mtoto wake. Anataka kujua anakula nini, analala wapi, anasemeshwaje, anasali kwa utulivu, ana majirani wa kumkimbilia akiumwa. Haya hayaonekani kwenye kioo cha gari. Yanaonekana nyumbani asubuhi, wakati wa kupika, wakati mume anapoingia kutoka kazini akiwa amechoka. Mume anayewajaza wakwe matembezi kutwa kucha, hata kama hakukusudia, anawanyima kile walichopandia ndege. Na wapo, tuseme kweli, wanaokusudia hasa, kwa kuwa nyumbani kuna mambo wasiyotaka yaonekane.

Kwa hiyo nashauri kila siku moja ya matembezi ifuatwe na siku moja ya nyumbani. Tena katika siku hiyo mume atoke, aende shughuli zake, amwache mama na mwanawe wazungumze.

Ukarimu bila ya madeni

Qur'an imetupa mfano katika kisa cha Nabii Ibrahim (AS) na wageni wake, katika Suratu Dhaariyaat (51:24-27). Aliondoka kimya kimya kwenda kwa ahli zake, akaleta ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao. Wafasiri wameona adabu nyingi hapo: hakuwauliza kama wana njaa, hakuwatangazia anachokwenda kuwaandalia, na alitoa katika kile alichokuwa nacho nyumbani. Hilo la mwisho ndilo la kulizingatia. Hakwenda kukopa ndama.

Imepokewa kutoka kwa Salman Al-Farisy kuwa alimtolea mgeni wake mkate na chumvi, akamweleza kuwa lau si Mtume (SAW) kukataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angejikalifisha. Leo mtu anachukua mkopo wa riba ili akodi gari kubwa la kumpokelea mkwe uwanja wa ndege. Anamkirimu mgeni kwa haramu, kisha binti wa mgeni huyo huyo ndiye atakayebaki ndani ya nyumba yenye deni wageni wakishaondoka. Kama uwezo wako ni daladala na mwendokasi, basi mwendokasi ni safari nzuri ya kuujua mji, kuanzia Kimara hadi Kivukoni. Pantoni ya Kigamboni nayo nauli yake ni ndogo, na upepo wa bahari hauna kiingilio.

Nani maharimu ndani ya gari?

Suala hili linahitaji kufafanuliwa, maana ndilo lenye fitina. Mama mkwe ni maharimu wako wa kudumu. Ametajwa katika Suratun Nisaa (4:23), na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi anakuwa haramu kwako kwa kule kufungwa ndoa tu, hata ukija kumwacha mwanawe. Hukumu ni hiyo hiyo kwa bibi mzaa mama yake na bibi mzaa baba yake mkeo. Unaweza kumpa mkono, kusafiri naye, kumpeleka hospitali peke yenu. Wale ambao mila za kwao zinamkataza mkwe kuketi sebule moja na mama mkwe wajue kuwa hiyo ni mila. Waiheshimu kama adabu wakipenda, lakini wasiiite dini, na mgeni kutoka Oman asiyeijua anaweza kudhani amechukiwa.

Lakini mke mwingine wa baba mkwe, asiyekuwa mama wa mkeo, si maharimu wako. Baba mkwe akija na mke mdogo, wengi humwita "mama" na kumchukulia sawa na mama mzazi wa mke. Kumwita mama ni heshima nzuri, ila sharia inamhesabu kuwa mwanamke ajinabi kwako.

Shemeji naye, yaani dada wa mkeo, hukumu yake ni kama hiyo. Uharamu wa kumuoa ni wa muda, wakati dada yake bado ni mkeo, na uharamu wa muda haumfanyi mtu kuwa maharimu. Hivyo hakuna kupeana mikono, hakuna kuvua hijabu mbele yako, na hakuna faragha ya watu wawili. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir, Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu ndugu wa mume kuingia kwa mke, akamfananisha na mauti. Wanazuoni wameeleza sababu: mtu wa mbali huogopwa, wa karibu haogopwi, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Maana hiyo hiyo ipo kwa dada wa mke. Utani wetu wa mashemeji umeifunika hukumu hii kiasi kwamba mwenye kuikumbusha huonekana ana roho mbaya.

Kwa vitendo, shemeji akitaka kwenda Kariakoo kununua kanga, aende na dada yake, na wewe uwe dereva wao. Mkeo akiwa na mtoto mchanga hawezi kutoka, basi baba mkwe au mama mkwe afuatane nanyi. Asipopatikana yeyote, kanga zitanunuliwa kesho.

Sala katika siku ya matembezi

Kwa Imam Shafi, msafiri akinuia kukaa siku nne kamili mahali, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakamilisha sala tangu anapofika. Kwa Mahanafi ni siku kumi na tano. Kwa ndugu zetu Ibadhi, na wakwe wengi wa Oman ni wa madhehebu hayo, msafiri anaendelea kupunguza maadamu hajaifanya sehemu ile kuwa makazi yake. Basi usishangae baba mkwe kusali rakaa mbili wiki nzima, na wala usimfungulie mjadala mezani. Akiwa imamu naye akatoa salamu baada ya rakaa mbili, wewe mkaazi simama ukamilishe mbili zako. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (RA) aliwasalisha watu wa Makka hivyo, akawaambia wakamilishe kwani yeye na wenzake ni wasafiri. Ukiwa wewe ndiye imamu, yeye atakamilisha nyuma yako.

Wewe mwenyeji huna ruhusa ya kupunguza kwa sababu tu umekwama Ubungo kwenye foleni. Hata Bagamoyo, ambako hakufiki kilomita 80 kutoka mjini, hakutimizi masafa ya safari kwa hesabu iliyo mashuhuri kwa Mashafi. Dawa ni kupanga matembezi kwa kufuata adhana: toka baada ya Adhuhuri, Alasiri ikukute karibu na msikiti wenye sehemu ya wanawake. Ulizia hilo mapema. Si haki baba mkwe apate jamaa huku mama mkwe anazunguka na chupa ya maji akitafuta pa kusalia.

Mji gani unawaonyesha?

Maduka makubwa yapo Maskati, tena mazuri zaidi. Waonyeshe wasichokuwa nacho. Anza na Boma la Kale, pale Sokoine Drive mkabala na bandari. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, alilijenga kwa mawe ya matumbawe kwa ajili ya wageni wake. Yaani moja ya majengo makongwe kabisa ya Dar es Salaam ni nyumba ya wageni. Majid alifariki mwaka 1870, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipoufanya makao yao makuu mwaka 1891.

Kisha nenda Kariakoo, uwaeleze kuwa jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Sali nao katika misikiti ya huko, Manyema au Mtoro. Wapitishe mtaa wa Lumumba ilikozaliwa TANU mwaka 1954, na uwatajie wazee wetu akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na Sheikh Hassan bin Amir. Watoto wetu wenyewe wafuatane nao, kwani wengi hawayajui haya.

Mkifika Bagamoyo, waonyeshe magofu ya Kaole na msikiti wake wa kale, ushahidi kuwa Uislamu ulikuwepo hapa mamia ya miaka kabla ya mkoloni yeyote. Hapo hapo yatakuja mazungumzo ya watumwa. Usidanganye kwamba hayakuwepo ili kumfurahisha mkwe, na usiyafanye fimbo ya kumchapia. Yeye naye huenda alibebwa mgongoni kutoka Unguja mwaka 1964 na ana makaburi ambayo hajayazuru. Mwache aseme lake, useme lako, kwa sauti ya watu waliochanganya damu katika mjukuu mmoja.

Na kwenye milango ya makumbusho na boti za Unguja kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Kwa kuwa mkwe anazungumza Kiswahili safi, utashawishika kumwambia mkata tiketi kuwa ni mtu wa Tanga. Huo ni uongo na ni kula kisicho chako. Lipa bei ya mgeni au usiingie.

Limebaki la wageni wenyewe. Hadithi ya Abu Shurayh waliyoipokea Bukhari na Muslim inampa mgeni mchana na usiku mmoja wa kukirimiwa hasa, na ugeni wa siku tatu, na yanayozidi ni sadaka. Hadithi hiyo hiyo inamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika uzito. Wakwe wanaokaa mwezi mzima katika vyumba viwili vya kupanga wana haki ya kuijua nusu hiyo ya pili, na wa kuwafikishia, kwa upole, ni binti yao, si mkwe.