Mitropoulos na Ngoma za Wagiriki

Mimi huimbisha kwaya ya bweni letu, na zamani nalidhani kazi ya kiongozi wa okestra ni kupunga mikono tu. Kisha nalisoma habari za Dimitri Mitropoulos, aliyezaliwa Athens mwaka 1896. Mwaka 1930, mjini Berlin, mpiga piano aliugua. Mitropoulos akaketi pianoni mwenyewe, akapiga muziki mgumu wa Prokofiev huku akiwaongoza wenzake. Nota alizihifadhi moyoni. (Sisi twasahau hata ubeti wa tatu!)

Lakini ninalotaka mlitazame ni hili. Huko Athens alikuwako Nikos Skalkottas, mpiga fidla wa viti vya nyuma. Huyu alitunga Ngoma 36 za Kigiriki, nyingine akizijenga juu ya nyimbo za wenyeji, nyingine akizibuni mwenyewe kwa mtindo uo huo. Alikufa mwaka 1949, umri wake miaka 45, na kazi zake nyingi hazijapigwa mbele ya watu hata mara moja. Nota zikikaa sandukuni ni karatasi tu.

Mwaka uo huo Mitropoulos alikwenda kuongoza okestra kubwa ya New York. Mwaka 1956 akazitia ngoma nne za Skalkottas katika santuri pamoja na okestra hiyo. Nne katika 36 ni chache, nakubali. Lakini sasa hata mtu asiyeijua Athens aliweza kuzisikia nyumbani kwake.

Mitropoulos alikufa mwaka 1960 mjini Milan, akiwa katika mazoezi ya simfoni ya tatu ya Mahler.