Punda Mzee Akiumwa Tumbo

Ndugu mfugaji, punda anayekubebea maji miaka yote hiyo hapigi kelele akiumwa tumbo. Farasi hugaagaa na kujipiga teke tumboni. Punda mara nyingi husimama kimya, kichwa chini, masikio yamelegea, kajitenga na wenzake. Ukimwona hivyo na hataki kula, usingoje kesho. Akikaa bila kula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu na kuharibu ini, na punda mnene ndiye huwahi kufa.

Tazama kinyesi. Kikiwa kidogo na kikavu, au hakipo kabisa, huenda utumbo umeziba. Mwondolee majani, mwachie maji safi, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wapo wanaomnywesha mafuta kwa chupa, na wapo wanaomkimbiza ili tumbo lifunguke. Usifanye hivyo. Mafuta yakiingia mapafuni atakufa kwa hayo hata kama tumbo lingepona.

Kwa punda mzee, chunguza meno kwanza. Magego yakiisha au yakichongoka hawezi kutafuna, na nyasi ndefu kavu hukwama ndani. Utaona vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu vikidondoka mdomoni. Daktari atayasawazisha kwa tupa yake, wewe usijaribu. Nyumbani mkatie nyasi laini fupifupi, zilowekwe maji, umpe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Anyweshwe kabla ya kubebeshwa mzigo, si jioni tu. Na watoto waokote mifuko ya plastiki bomani, maana punda mwenye njaa huila.