Mfuko Haukaushi: Somo juu ya Unyevu na Vifungashio



Siku hizi vikundi vingi vinakausha mboga, maembe na njugu ili kuuza, na karibu kila nyumba huweka mahindi. Kazi ya kuanika tunaifanya kwa bidii. Lakini baada ya wiki chache mboga zimelegea, unga umeshikana mabonge, na mahindi yananuka uvundo. Hapo tunalaumu jua, tunalaumu mvua, tunalaumu hata mbegu. Mara nyingi shida iko kwenye kile tulichofungia, au hali ya chakula siku tulipokifunga.

Hasara ya pesa ni moja, lakini kuna hasara kubwa zaidi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hii hutengenezwa na kuvu ambayo hupenda nafaka yenye unyevu. Kupika ugali hakuimalizi. Kwa hiyo tusome somo hili pole pole, tukijua ni la mfukoni na ni la uhai pia.

1. Maji ni kitu kimoja, mvuke ni kingine

Hewa yote ina maji ndani yake ambayo hatuyaoni. Ndiyo mvuke. Chumvi ikiachwa wazi wakati wa masika hulowa, ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Chakula kikavu nacho kina kiu. Kitaendelea kuvuta mvuke mpaka unyevu wake ulingane na wa hewa inayokizunguka.

Sasa wengi husema, "Mfuko wangu hauvuji, nimeujaza maji nikaona." Ni kweli, tone la maji halipiti. Lakini mvuke hupita hata pasipo tundu. Chembe zake ni ndogo mno. Huingia kwenye plastiki upande wenye unyevu mwingi, hujipenyeza katikati ya chembe za plastiki yenyewe, halafu hutokea upande mkavu. Ni kama mtu anayevuka soko siku ya soko: njia wazi hakuna, lakini akijipenyeza atatokea ng'ambo.

Watu wa viwanda walijifunza jambo hili zamani. Selofani, ile karatasi angavu inayolia ukiikunja, ilipoanza kutumika ilizuia vumbi na matone vizuri, lakini mvuke ulipita. Mwaka 1927 mtaalamu William Hale Charch wa kampuni ya DuPont, huko Marekani, alipata njia ya kuipaka utando mwembamba sana wenye nta. Karatasi ilikuwa ile ile, lakini sasa iliweza kuzuia mvuke.

2. Mambo matano yanayoamua

*Aina ya kifungashio.* Gazeti na mfuko wa khaki karibu havizuii kitu. Gunia la kawaida la nailoni limefumwa, lina matundu kila mahali. Ni zuri kwa kubebea, na hewa na mvuke hupita watakavyo. Plastiki laini ya poliethilini huzuia mvuke vizuri kiasi. Ile ngumu kidogo inayolia ukiifinya, na polipropilini angavu kama ya pakiti za biskuti, huzuia zaidi: zikiwa na unene ule ule, mvuke unaopita ni kama theluthi moja tu. Pakiti inayong'aa ndani kama ya krispi imepakwa utando wa alumini, nayo huzuia zaidi tena. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na debe lisilo na kutu, hazipitishi mvuke isipokuwa mdomoni.

*Unene.* Ukiongeza unene mara mbili, mvuke unaopita hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, ni hesabu nzuri kama mfuko mnene haupatikani.

*Ukubwa wa ngozi ya pakiti.* Pakiti 10 ndogo zina ngozi kubwa kuliko pakiti moja yenye uzito ule ule. Chakula cha pakiti ndogo huharibika mapema. Afadhali kuhifadhi kwa wingi, halafu mgawanye karibu na siku ya kuuza.

*Joto na hali ya hewa.* Pakiti itakayokaa salama miezi kadhaa Kitui wakati wa kiangazi haitakaa hivyo Mombasa. Penye joto na unyevu mwingi mvuke hupita kwa kasi.

*Mshono.* Plastiki bora iliyofungwa kwa fundo legevu ni kazi bure. Tundu moja la sindano linaweza kuharibu yote.

Hebu tufanye hesabu. Plastiki laini nyembamba, ya mikroni 25 (elfu moja ya mikroni ni milimita moja), hupitisha gramu 15 hadi 20 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Kipimo hicho hufanywa kwenye joto la digrii 38 na hewa yenye unyevu wa asilimia 90. Chukua pakiti ya sentimita 20 kwa 15. Pande zote mbili ni mita 0.06 za mraba, kwa hiyo kama gramu 1 itaingia kila siku. Ikiwa ndani mna gramu 100 za mboga kavu, katika siku 5 zimeongezewa karibu gramu 5 za maji, na hapo hazivunjiki tena mkononi. Kwenye baridi kasi hupungua sana, lakini mvuke haulali. Tumia plastiki ya mikroni 100, na kiasi hicho kitakuwa robo.

3. Kinachozuia kuingia huzuia pia kutoka

Hapa ndipo kiini cha somo. Wengine wakishapata mfuko mzuri hufikiri kazi imekwisha. La! Mfuko haukaushi. Hutunza tu kile ulichokikuta, kikavu au kibichi.

Fikiria gunia la kilo 90 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ili yafike asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha kuhifadhi, ni lazima yapoteze karibu kilo 5 za maji. Ukiyafunga kabla, hizo kilo 5 umezifungia ndani pamoja na chakula chako. Usiku baridi ikiingia, mvuke hugeuka jasho upande wa ndani wa plastiki na kulowesha punje za pembeni. Hapo kuvu imepata nyumba. Mahindi mabichi yana nafuu katika gunia linalopitisha hewa, huku yakisubiri jua, kuliko katika plastiki nzuri.

Mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa ina sheria hiyo hiyo. Ile ya PICS, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue na watafiti wa Kamerun juu ya kunde, ina plastiki nene mbili ndani na gunia la kufumwa nje. Wadudu waliomo hupumua mpaka hewa yao inaisha, kwa hiyo hakuna haja ya dawa. Lakini wadudu kufa si sawa na mahindi kukauka. Na tuangalie: dumuzi, ambaye wengine humwita Osama, anaweza kutoboa plastiki. Kagua mfuko kabla ya kuutumia tena.

4. Kupima kabla ya kufunga

Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Jaza mahindi mpaka theluthi moja. Ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa kwenye sufuria na kupoa. Funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umepita kama asilimia 15: rudisha mahindi kwenye turubai. Isiposhikamana, usikimbilie kufunga. Anika siku moja au mbili zaidi, kwa maana jaribio hili halifiki chini mpaka 13.5. Penye kipimo cha unyevu, kwa afisa wa kilimo au ghala la nafaka, kitumieni.

Mboga kavu zivunjike kwa sauti, na ziache zipoe kivulini kabla ya kufunga. Ukifunga zikiwa moto, zitatoa jasho.

Kwa mshono, kunja mdomo wa plastiki juu ya bamba la msumeno wa chuma na upitishe ukingo kwenye moto wa mshumaa pole pole. Kisha zamisha pakiti ndani ya maji na uibonyeze kidogo. Mapovu yakitoka, rudia.

Msitumie mifuko iliyobeba mbolea wala dawa. Tena, tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya, na vifungashio vya bidhaa vina masharti yake. Kabla ya kikundi kununua vya kuuzia, kiulize ofisi ya NEMA.

5. Jaribio la kikundi

Kausheni chumvi, mpime gramu 100 mara nne. Fungeni moja kwa gazeti, ya pili kwa plastiki nyembamba, ya tatu kwa plastiki nene, na ya nne ndani ya chupa ya kioo. Pimeni kila moja pamoja na kifungashio chake na mwandike. Ziwekeni juu ya matofali ndani ya pipa lenye maji kidogo chini, mfunike. Baada ya wiki mbili pangusieni nje, mpime tena. Uzito ulioongezeka ndio mvuke ulioingia. Wanakikundi wakiona kwa macho yao, hamtahitaji kuwahubiria.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika jaribio, ni kifungashio gani kiliongezeka uzito zaidi? Kwa nini?
2. Bidhaa ya kikundi chetu hukaa siku ngapi kabla ya kununuliwa, na hupelekwa mahali penye hewa ya namna gani?
3. Ni nani katika kikundi atapima unyevu kabla ya gunia lolote kufungwa, na ataandika wapi?
4. Jirani akiwa na haraka ya kufunga mahindi mabichi kwa sababu ya wezi au mvua, kikundi kinaweza kumsaidia vipi?