Somo: Kuchambua Alumini Chakavu

Katika ukaguzi wangu upande wa Newala nilikuta, nyuma ya ghala la chama kimoja, lundo la mali chakavu: mabomba ya kupulizia salfa yaliyokwisha kufa, mizani iliyovunjika na mabati yenye kutu. Lundo zima lilikuwa limeuzwa kwa bei ya chuma, na katika daftari la mali hapakuandikwa neno. Hasara hiyo ni ya wanachama wote, nayo ilitokana na kutojua.

1. Thamani yake

Silinda za injini za mabomba yale ni alumini. Kuiyeyusha alumini chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata upya kutokana na mawe ya boksiti. Ndiyo sababu viwanda vya magari duniani vinaitafuta.

2. Kwa nini isichanganywe na chuma

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi. Chuma kikiachwa ndani yake huyeyukia humo, na kukitoa ni kazi ngumu. Aloi, yaani mchanganyiko huo wa madini, ikipoa hufanya vijisindano vinavyoidhoofisha. Wataalamu huongeza manganisi ili kupunguza madhara hayo. Kwa miaka mingi chakavu iliyochanganyika ilisubiwa kuwa vipande vya injini, kwani aloi zake huvumilia chuma kiasi na silikoni nyingi. Lakini gari la umeme halina injini ya namna hiyo. Kwa hiyo watafiti hutafuta aloi za milango na mabodi zitakazopokea alumini ya zamani, na kazi yao huwa nyepesi chakavu ikichambuliwa mapema. Sisi wa Masasi na Newala hatuhitaji kufundishwa sana: korosho mbovu hushusha daraja la gunia zima.

3. Wajibu wa chama

(a) Tumieni sumaku: chuma hunaswa, alumini hainaswi. Shaba nayo hainaswi, ila rangi yake huitambulisha.
(b) Fungueni nati na skrubu zote za chuma.
(c) Pimeni kila fungu peke yake, mwandike uzito katika daftari la mali.
(d) Wanachama waamue katika mkutano kabla ya kuuza, na fedha zikatiwe stakabadhi.

Swali la kujadili: Je, nyuma ya ghala letu kuna nini, na nani ameandika?