Siku ya Kwanza ya Safari



Sisi tunaoishi Kenol huona safari nyingi za watu wengine. Mji wetu ulipata jina lake kutokana na kituo cha petroli cha kampuni ya Kenol. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019 na mabango yakabadilishwa, lakini jina la mji limekataa kuondoka. Hapa ndipo barabara inayotoka Nairobi na Thika inapogawanyika: moja inakwenda Murang'a mjini, na nyingine inaendelea Makuyu, Makutano, Sagana na Karatina hadi Nyeri na Nanyuki. Shule zikifungwa, magari ya familia zinazokwenda kutembea huanza kusimama hapa tangu alfajiri. Baba anajaza petroli na kupimisha upepo wa magurudumu. Mama anawapeleka watoto msalani, ananunua ndizi, anawarudisha watoto, anawahesabu. Ukiwatazama vizuri utagundua kwamba mara nyingi wawili hawa hawajasemezana tangu Thika.

Katika somo letu la leo tuiangalie siku hiyo ya kwanza. Mtauliza, kwa nini siku ya kwanza na si safari nzima? Kwa sababu ifikapo siku ya pili au ya tatu watu wamekwisha kuzoeana na mwendo wa safari. Siku ya kwanza kila mmoja amebeba moyoni mpango wake mwenyewe, naye anadhani kwamba mwenzake anaujua. Tena nyumbani mna mahali pa kukimbilia. Mkikwaruzana asubuhi, mmoja anakwenda kazini, mwingine anaingia jikoni au shambani, na ifikapo jioni hasira imepoa. Ndani ya gari hakuna jikoni. Mmekaa bega kwa bega saa tatu au nne, na watoto wako nyuma yenu wakisikiliza kila neno, na hata kila kimya.

Hebu tuchukue mfano. Tuwaite Baba Wanjiru na Mama Wanjiru, wakazi wa Thika wenye watoto watatu. Wameweka akiba mwaka mzima ili wauzunguke Mlima Kenya: waende Nanyuki, wapite Timau, Meru, Chuka na Embu, kisha warudi kwa njia ya Mwea mpaka Makutano. Ni mzunguko mzuri sana, nami ninausifu kwa kila familia inayoweza kuumudu. Baba Wanjiru amesema kwamba lazima waondoke saa kumi na mbili asubuhi. Ana sababu nzuri. Mlima huo wenye urefu wa mita 5,199 huonekana mapema. Ikifika katikati ya asubuhi, mara nyingi mawingu yamekwisha kuufunika, na mtoto aliyeahidiwa theluji anaonyeshwa ukungu.

Lakini saa kumi na mbili ina gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mtu mmoja. Ili gari liondoke saa hiyo, Mama Wanjiru ameamka saa tisa usiku. Amepika chapati, amechemsha mayai, amejaza chai kwenye thamosi, amewaogesha wadogo, ametafuta soksi iliyopotea, amefunga nyumba na kumpelekea jirani ufunguo wa banda la kuku. Mumewe naye amekagua mafuta na maji ya gari, akaingia akakaa, na saa kumi na mbili na robo anapiga honi.

Baba mwenzangu, honi ni ya ng'ombe walio barabarani. Mke wako haitwi kwa honi. Akitoka nyumbani baada ya sauti ile, ujue kwamba ameingia garini na mzigo ambao hukuupakia wewe, nao utafika mpaka Nanyuki. Kama wewe ndiwe uliyeichagua saa, basi na kazi ya kuifikia saa hiyo ni yako pia. Nguo za watoto zipangwe jana yake mchana. Baba awaogeshe. Chapati zipikwe jioni, au zisipikwe kabisa, kwa kuwa barabara hii haina njaa: Makutano utauziwa ndizi na maembe kabla hujafungua dirisha vizuri. Na kama baada ya kugawana kazi mnaona kwamba saa moja na nusu ndiyo saa yenu ya kweli, ondokeni saa moja na nusu. Mlima utakuwapo kesho asubuhi.

Sasa tuingie katika jambo ambalo naona ndilo kubwa zaidi, nalo ni nyumba za wazazi zilizo njiani.

Mama yake Mama Wanjiru anaishi karibu na Karatina. Kaka mkubwa wa Baba Wanjiru yuko Kiganjo. Barabara ya Nanyuki inapita karibu na nyumba zote mbili. Mume amepanga moyoni kwamba saa sita watakuwa Nanyuki. Mke hajasema lolote, lakini kwenye buti ya gari, chini ya mablanketi, ameweka kilo nne za sukari, mikate miwili na leso mpya. Wakifika Sagana anasema kwa sauti ndogo, "Tutapitia kwa mama kidogo tu." Mume ananyamaza. Sote tunajua kwamba hakuna "kidogo" katika boma la mama mkwe. Chai italetwa, kisha kuku atakimbizwa, kisha jirani ataitwa aje awaone wajukuu. Hizo ni saa tatu. Lakini vilevile ni vigumu kupita bila kusimama. Soko la Karatina ni kubwa na watu wake wana macho. Kabla ya jua kutua mama atakuwa ameambiwa kwamba binti yake alionekana akinunua viazi, kisha akaendelea na safari yake kama mgeni.

Nani mwenye kosa hapa? Mimi naona kwamba wote wawili walikuwa na haki, ila walinyamaza mapema mno na kusema wakiwa wamechelewa. Jambo hili lilipaswa kuzungumzwa nyumbani, pengine wiki mbili kabla. Mkikubaliana kupitia, pigeni simu mseme mtafika saa ngapi na mtaondoka saa ngapi, na mtoto wa nyumba hiyo ndiye asimame wakati wa kuondoka ukifika, ili mkwe asionekane ndiye anayewaharakisha. Naye mkwe aingie ndani. Mwanamume anayebaki garini akitazama simu wakati mkewe anamsalimia mamaye amesema maneno mengi sana bila kufungua kinywa. Akae, anywe chai, aulize habari za ng'ombe. Mkikubaliana kutopitia, au kupitia siku ya kurudi, basi habari hiyo ipelekwe na mtoto wa nyumba, si mkwe. Mama humsamehe mwanawe upesi. Mkwe humwekea deni. Na kipimo kiwe kimoja kwa pande zote mbili. Haifai Kiganjo kuwe ni "kwa ndugu yangu, lazima" na Karatina kuwe ni "tutachelewa".

Kuhusu fedha sitasema mengi. Andikeni kwenye karatasi kiasi cha petroli, malazi na chakula, na kiasi kidogo cha wazazi, na kila mmoja wenu aijue karatasi hiyo. Mke asigundue mbele ya mwenye hoteli kwamba mumewe alikwisha kuahidi pesa mahali pengine.

Barabara yenyewe inahitaji mume na mke walio na amani. Kutoka Kenol hadi Marua, karibu na Nyeri, ni kilomita 84, na upanuzi wake kuwa njia mbili kila upande ulianza wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Njia ikiwa pana mguu huwa mzito. Sheria inaruhusu gari dogo kilomita 110 kwa saa kwenye barabara ya namna hiyo, lakini mijini ni 50, na hapa kwetu barabara kubwa inapita katikati ya watu wanaovuka na mikungu ya ndizi, watoto wa shule na pikipiki zinazotokea pembeni. Dereva aliyekasirika haoni pikipiki. Kwa hiyo jiwekeeni kanuni hii: neno zito halijibiwi gari likiwa linakwenda. Likizuka, anayeliona kwanza aseme, "Tusimame." Simameni mahali salama, watoto wanyooshe miguu, nanyi mseme yaliyopo. Kama mke ana leseni, apewe usukani baada ya Sagana, naye mume aone jinsi ilivyo kazi kumenya mayai na kuamua kesi za kiti cha nyuma.

Jambo dogo lakini la maana: msiweke masweta chini ya mizigo. Barabara hushuka kuelekea Sagana, kwenye mto ambao huko mbele huitwa Tana, na hapo kuna joto. Watoto wanavua nguo. Kisha mnapanda Karatina, na kabla hamjafika Nyeri wamejikunyata wakilia, na kila mzazi anamwuliza mwenzake, "Masweta uliweka wapi?" Ugomvi mwingi wa siku ya kwanza si ugomvi, ni baridi na njaa.

Ushauri wangu ni kwamba siku ya kwanza mlale Nyeri. Kutoka Kenol ni kama kilomita 90 tu, na Nanyuki ni kama 60 zaidi. Mtu atasema ni karibu mno, lakini mtakuwa mmefika kukiwa na jua, na nguvu za kuzungumza mtakuwa nazo bado. Chagueni mahali pamoja pa kutembelea, pasizidi. Watoto walio skauti watapenda kaburi la Baden-Powell, aliyefariki Nyeri mwaka 1941. Wengine watapenda kujua habari za Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha. Alifariki Gikondi mwaka 1930 baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni, na alitangazwa Mwenye Heri hapo hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Atakayechagua awe yule ambaye hakuichagua saa ya kuondoka.

Jioni wasimulieni watoto habari za wafungwa watatu wa Kiitaliano waliotoroka kambi ya Nanyuki mwaka 1943 ili waupande mlima. Ramani hawakuwa nayo. Walitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye kopo la nyama. Mmoja aliugua, akabaki kwenye hema. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, basi wakageukia Lenana, chenye mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha wakamrudia mwenzao, wakashuka pamoja na kuingia tena kambini. Watoto watacheka kusikia kwamba mtu alitoroka gereza halafu akarudi. Nyinyi wawili zungumzeni juu ya Batian na Lenana: ni mpango gani wa leo ulioshindikana, na mlipokea vipi ule uliokuja mahali pake?

Kwa wale wasio na gari, haya yote yanawahusu pia. Matatu za Karatina na Nyeri hupatikana hapa Kenol, na zina faida moja: dereva si mume wa mtu.

Mazungumzo ya nyumbani (mkae wawili, watoto wakiwa wamelala, kabla ya kuanza kufunga mizigo):

Katika safari yetu iliyopita, nani aliamka wa kwanza, naye alifanya nini mpaka tulipoondoka? Mwenzake aitaje kazi moja baada ya nyingine, na anayeulizwa asimsaidie.

Ni nyumba gani za jamaa zilizo njiani? Tutaingia ipi, kwa muda gani, na nani atapiga simu?

Kila mmoja ataje kitu kimoja anachokitamani katika safari hii ambacho hajawahi kukisema.